Binti Yangu Alipokuwa Akinimisi

Kosa lenyewe ni hili. Binti yangu alinipigia simu kutoka Lugoba alikoolewa, akanisalimia, nikaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani, nikampa zote, za paka mpaka za mnazi. Kisha akasema, "Baba, nimekumisi." Nami, mtu mzima mwenye mvi zangu na cheti cha kidato cha nne, nikamjibu, "Pole mwanangu. Kunywa maji mengi."

Siwezi kujitetea kwamba sikulijua neno. Nililijua. Nisilolijua ni jibu lake. Maneno yetu ya kupokeana yote yana wenzake: shikamoo ina marahaba yake, hodi ina karibu yake, hata mtu akipiga chafya kuna la kumwambia. Hili la kumisi limeingia mjini peke yake, halikuja na mwenzake. Mtu akikwambia hivyo ufanye nini? Umshukuru? Umwombe radhi? Mimi sauti niliisikia ya unyonge, nikaona mtoto anaumwa, nikampa pole na dawa.

Ningesalimika kama si jirani yangu. Kazi yangu ni kushona kofia za viua, kazi ya kukaa, na mikono yote miwili inashika kitambaa, kwa hiyo simu huwa nailaza mkekani na kuipandisha sauti. Jirani naye saa kama zile huwa upande wa pili wa ukuta wa uani anakuna nazi, na ukuta wenyewe unamfika mtu kifuani. Yeye na marehemu mke wangu walikuwa wakiazimana hata viatu, ndiyo maana ananiita shemeji na mimi namwita hivyo hivyo, ingawa hakuna ndoa iliyotuunganisha.

Nikasikia sauti ya mbuzi ya nazi imekoma. Kichwa kikachomoza juu ya ukuta.

"Shemeji, mtoto umempa nini? Maji?"

"Si amesema..."

"Alichosema nimekisikia. Mtaa mzima umekisikia. Nakuuliza wewe ulichojibu."

Nikainamia kofia yangu. Ilipofika alasiri, vijana wa pale kwenye kona walishapata habari. Nilipopita kwenda kuswali mmoja akanisalimia kwa adabu zote, kisha akasema, "Mzee, jua la leo kali. Au tunywe maji mengi?" Wenzake wakageuka ukutani ili nisione wanavyocheka. Jina la kwanza walilokwisha kunipa ni Mwari, kwa sababu sitoki ndani. Nikaona sasa la pili linachongwa.

Hilo la Mwari sina ugomvi nalo, ni la haki. Zinga hapo, nje kidogo ya Bagamoyo yetu, naiona ni mbali. Dar es Salaam nimekwenda pale tu iliponilazimu, na kila mara nilirudi siku ile ile, nikafika nyumbani nimechoka kama mtu aliyetoka Hija. Wapo watu wanaopenda kujua kona ya mbele ina nini. Mimi napenda kujua kiti changu kiko pale pale.

Lakini nirudi kwenye neno, kwa maana usiku ule lilininyima raha. Mara ya kwanza kukutana nalo nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na shabaha ya kutisha ya chaki. Siku hiyo nilisinzia, akanirushia, chaki ikapita karibu na sikio langu ikagonga mlango. Darasa likashusha pumzi. Yeye hakukasirika; akatwambia kwa Kiingereza kwamba amenimisi, akaokota kipande kingine, akaandika kitenzi kile ubaoni kwa herufi kubwa. Tukafundishwa matumizi yake kipindi kizima kwa ajili ya usingizi wangu. Jiwe humisi embe. Msafiri humisi basi. Mwanafunzi mvivu humisi kipindi. Mwisho akasema kwamba mtu pia humisi mtu, yaani anamkosa kwa moyo. Hilo tukalicheka. Tukaliona ni mambo ya watu wa nchi za baridi, wenye kukaa wamefungiwa ndani na kuanza kuhesabu nani hayupo. Tazama sasa nani anakaa ndani.

Kamusi yangu ya shule ninayo mpaka leo. Jalada halipo na inaanzia herufi B, lakini M iko salama. Nikaisoma kwa miwani ya kushonea. Inasema kitenzi hicho ni cha kale sana kwa Waingereza, na kina ndugu zake katika Kijerumani, kwa hiyo hata wale Wajerumani waliotujengea boma hapa Bagamoyo bila shaka walikuwa nalo midomoni, wakimisi kwao huku wakitutoza kodi. Mwanzo wake ni kurusha kitu kisifike. Mshale umepita pembeni, umemisi. Baadaye sana ndipo wakaanza kulitumia kwa kutambua kwamba kitu hakipo, na baada ya hapo ndipo likafika kwenye moyo wa mtu. Nililala nikilifikiria. Nikaona si ajabu: mkono unaunyoosha ulipozoea kukuta mtu, na haumkuti.

Kwetu hatukuwa na neno moja la kubeba yote hayo, na wala hatukuona kwamba tumepungukiwa. Mama yangu alikuwa na mtindo wake. Mtu ambaye hajaonekana siku nyingi akibisha hodi, mama alimwambia kutoka jikoni, "Mgeni gani huyo? Sisi tuna ndugu yetu alikuwa anafanana na wewe, lakini alihama mji." Mgeni anajitetea, anataja homa, shamba, mvua, mama hataki kusikia. Anaulizwa kama njia ilimea majani. Anaambiwa ameadimika kama mafuta ya taa. Anaaibishwa mpaka kikombe cha pili cha chai. Na kadiri alivyoaibishwa ndivyo alivyojua kwamba katika nyumba ile alitafutwa. Shangazi yangu mmoja alikaa mwezi mzima bila kuja, alipokuja mama akamkaribisha vizuri tu, akamsalimia vizuri, hakumsema hata neno. Shangazi akaondoka analia. Alijua kuna jambo ameudhi.

Mke wangu alikuwa na mtindo mwingine, na huo nilichelewa kuusoma. Katika ndoa yetu yote nilisafiri safari moja ya maana, kwenda Pangani kumwoza binamu yangu, nikakaa huko wiki. Siku niliyorudi alinipokea mfuko mlangoni. Hakuniuliza arusi ilikuwaje. Akasema, "Bawaba ya mlango wa uani imelegea. Jogoo hali. Na mnazi umeangusha kuti juu ya bafu."

Mimi nikaona nimelaumiwa kwa kwenda kula pilau za watu. Nikatafuta nyundo kabla hata sijavua kofia. Nilipokuwa nagongomea ile bawaba, mwanamke ambaye kazi zake hazikwishi mchana wala jioni alivuta kigoda, akakaa pembeni, mikono mapajani, ananitazama. Bawaba yenyewe, nikwambie kweli, haikuwa na kitu. Ilikuwa imelegea tangu tunahamia. Sikujiuliza. Nimejiuliza miaka hii, yeye hayupo, na mlango ule nikiufungua peke yangu asubuhi.

Basi mtoto wetu amekulia kati ya watu kama hao, halafu akaenda shule, akapata simu, akakuta neno la haraka linalomaliza yote. Wa rika lake wanalitumia kama chumvi. Nimewasikia wasichana walioagana asubuhi wakiambiana adhuhuri kwamba wamemisiana. Ndiyo maana na mimi mwanzo nililichukulia jepesi. Lakini binti yangu hakuacha. Wiki ile akapiga tena, akalisema tena. Nikamwambia, "Haya, ahsante." Ikafuata simu nyingine, nikamwambia, "Sote tu wazima." Jirani kule nyuma ya ukuta alikuwa anakuna nazi kwa hasira mpaka nikaihurumia ile nazi.

Siku hiyo hakuchomoza kichwa. Alizunguka, akapiga hodi mlango wa mbele kama mgeni, akakaa kwenye kiti, na hapo nikajua nina kesi.

"Shemeji, mimba ya mtoto ina miezi mingapi?"

Nikamwambia imeingia ule wa nane.

"Na ni ya ngapi?"

"Si unajua ni ya kwanza."

"Mimba ya kwanza inazaliwa wapi?"

Kwetu mimba ya kwanza mwanamke anarudi kuzalia kwao, kwa mama yake, akandwe na kulishwa na watu wake mpaka arobaini iishe. Hilo nilikuwa nalijua. Nikamjibu kwamba namngoja mkwe wangu amlete.

Jirani akafumba macho kama mtu anayeomba subira. "Amlete yeye? Mwanamume anamrudisha mke wake kwao na mfuko mkononi, watu wa Lugoba waseme ameachwa? Mtoto hafikishwi mlangoni, shemeji. Mtoto anafuatwa. Mama yake anakwenda na kanga doti moja, anakaa kitako, anawaomba wakwe. Ndivyo alivyofuatwa mama yake, nilikuwepo. Ndivyo nilivyofuatwa mimi."

"Mama yake hayupo."

"Ndiyo. Na mtoto anajua hayupo. Ndiyo maana anakupigia wewe. Ataanzaje kusema, baba njoo unichukue? Binti anajiombea mwenyewe kurudi kwao? Si aibu hiyo? Akizalia kule, mama mkwe atamtunza, sikatai. Ila ataonekana ni mtu asiye na kwao. Na yeye mwenyewe ataamini."

Alipoondoka nilichukua kofia, nikashona kiua kimoja mara mbili, nikafumua. Mambo haya ni ya wanawake, nilijiambia, na mimi hata soko la Zinga linanichosha. Ngoja kwanza nimwambie kwenye simu kwamba na mimi vile vile. Hiyo itatosha kwa leo.

Nikapiga mwenyewe, jambo ambalo silifanyi. Alipopokea alishtuka akadhani kuna msiba. Nilikuwa nimefanya mazoezi. Nimelitamka lile neno mbele ya paka, lilitoka. Lakini sauti ya mtoto ilipoingia masikioni, ulimi ukakwama kama uzi wenye fundo, na nilichojisikia nikisema ni, "Bomba la uani linavuja."

Nikangoja. Nilidhani atanielewa, si mtoto wa mama yake?

"Ita fundi, baba," akasema. "Nakutumia namba yake sasa hivi."

Na kweli akanitumia. Fundi akaja kesho yake, akatazama bomba, akaniambia halivuji. Nikamwambia najua.

Ndipo nikakubali. Nikaenda dukani kununua kanga, nikachagua iliyo na rangi ya machungwa inayopendeza, nikampelekea jirani kwa fahari. Akaikunjua, akasoma yale maneno ya chini, akaikunja tena taratibu.

"Shemeji, hii unampelekea mkwe wako, au unamtukana?"

Ilikuwa na maneno ya mtu kumwambia mke mwenzie. Mtu anayejisifu kwa kusoma kamusi amenunua kanga bila kusoma kanga. Akairudisha yeye dukani, akaleta nyingine yenye maneno ya heri, na akasema atafuatana na mimi, kwani mwanamume peke yake kwenda kuomba mwenye mimba ni kichekesho. "Ila kusema utasema wewe," akaniambia. "Mimi simo. Mtoto hajanimisi mimi."

Tukaondoka asubuhi na basi la Msata. Sitaki kuisimulia safari kama niliyekwenda nchi ya mbali, ingawa moyoni nilikwenda. Mto Ruvu niliuvuka nikiwa nimeshika kiti cha mbele. Pale Kiwangwa watu wakanunua mananasi dirishani, jirani akanunua mawili, nikamuuliza kama Bagamoyo hatuna mananasi, akaniambia nyamaza, haya yamesafiri na sisi. Msata tukabadili gari, tukashika barabara kuu kuelekea Chalinze, malori yakitupita kama nyumba zilizong'oka. Tulipofika Lugoba nilikuwa na kiu, na sikuthubutu kutaja maji.

Mama mkwe wa binti yangu ni Mkwere mkulima, mwanamke mrefu, mpole, Kiswahili chake kina Kikwere ndani na kinapendeza masikioni. Alitupokea, akatandika mkeka, akamwita mumewe. Tukasalimiana kwa urefu, tukaulizana mvua, mahindi na afya za watu ambao sikuwajua. Kisha habari zikaisha, na kila mtu alijua zamu ya kusema ni ya nani. Nikamtazama jirani. Alikuwa anaangalia kuku.

Hotuba nilikuwa nayo. Niliitunga usiku kucha, ina mwanzo, kati na mwisho, na imewataja hata mababu. Yote ikanitoka. Nikasukuma kanga mbele kwenye mkeka, nikasema, "Wakwe zangu, nimekuja kumchukua mtoto akazalie kwao. Nyumba imekuwa kubwa."

Mama mkwe akaipokea kanga kwa mikono miwili, akaiweka mapajani. "Tulikuwa tunawangoja," akasema. "Mwezi huu wote nikimwambia tuanze kuandaa hapa, ananiambia, bado mama, kwetu watakuja. Juzi nikamwambia, mwanangu, pengine kwenu wamesahau. Alikwenda akafua nguo ambazo zilikuwa safi."

Jirani aliacha kuangalia kuku.

Binti yangu alikuwa ndani kumbe anasikia. Akatoka taratibu, mkono mmoja kiunoni, akataka kupiga goti, mama mkwe akamzuia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Akanishika mkono, hakuuachia. Akanitazama toka kofia mpaka miguu. "Umepungua," akasema.

"Na wewe umeongezeka."

Hapo ndipo baba mkwe alipocheka, na sisi wote tukapata ruhusa. Mimi niliingia ndani kumsaidia kubeba mfuko, nikaukuta nyuma ya mlango umefungwa, umefunikwa kanga ya zamani. Kanga ilikuwa na vumbi. Nikaipangusa kwa kiganja kabla ya kuubeba, hakuna aliyeniona.

Mkwe wangu hakutaka mke wake apande basi, akatukodia gari ya rafiki yake. Mtoto alilala njia nzima, kichwa begani kwangu, na jirani kule mbele alimfundisha dereva kukwepa mashimo. Mimi nilikaa wima nisimwamshe. Ajabu ni kwamba sikuona tena barabara ni ndefu. Nilikuwa napanga. Nilijiambia kwamba sasa, ana kwa ana, nitamweleza yote: kwamba neno lake nililisikia tangu mara ya kwanza, kwamba ni neno la kale, kwamba lilianzia kwenye mshale, kwamba mama yake naye alikuwa akilisema kwa bawaba na jogoo, nami sikumjibu, na kwamba yeye sitaki kumkosea hivyo.

Tukafika magharibi ikikaribia. Nikashuka wa kwanza, nikafungua mlango, nikasimama kizingitini na mfuko mkononi. Binti yangu akaja akasimama mbele yangu kwenye baraza, usingizi bado umo machoni. Nikaona ndiyo nafasi. Nikakohoa.

"Mwanangu," nikasema, "lile neno ulilokuwa ukiniambia. Nimelitazama kwenye kamusi. Asili yake, Waingereza wa kale walikuwa wanasema mshale..."

"Baba," akasema kwa upole.

"Ngoja nimalize. Mshale ukirushwa, sasa, usipofika..."

Jirani alikuwa nyuma yake, mananasi yake yale yale kwapani, kanga kichwani imekwenda upande.

"Shemeji, toka mlangoni," akasema. "Mtoto amebanwa na mkojo tangu Makurunge, na wewe umemsimamisha unamsomesha."